Dada Nesi Anajibu: Dozi ya PID Mara Saba, na Tumbo Bado Linauma

Toleo lililopita niligusia chango kwa mistari kama mitatu hivi, nikasema maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu chini siyo ya kuzoea, basi. Sikutegemea. Simu imejaa meseji mpaka leo, wengine wametuma voisi za dakika nane wanalia, na karibu zote zinazunguka palepale, kwa hiyo mwezi huu maswali ya presha na vitambi yasubiri kidogo, tunaongea endometriosisi peke yake, ule ugonjwa wa nyama zinazofanana na utando wa kizazi kuota nje ya kizazi. Majina nimeyatoa na barua nimezifupisha, ila maneno ni yenu.

Shikamoo dada nesi. Nina miaka 26 niko Mbagala. Tumbo la period lilianza kunitesa toka fomu tuu, nilikua nabebwa kutoka darasani. Toka 2021 nimeambiwa PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija, mara saba, nimehesabu, vyeti vyote ninavyo kwenye mfuko wa rambo. Kila mara nachomwa sindano napewa doksi na flajili siku 14, mdomo unakua mchungu kama nimelamba sarafu, napata nafuu wiki moja mbili afu nikiingia kwenye siku zangu linarudi palepale. Mpenzi wangu nae kameza dawa mpaka kachoka, sasa anasema labda nina wanaume wengine. Ultrasaundi nimepiga tatu, zote zimeandikwa kawaida. Juzi daktari mmoja kijana kasema inaweza kuwa endometriosisi ila kuhakikisha mpaka nifanyiwe upasuaji wa matundu madogo waingize kamera, na hela hiyo sina. Dada kama picha inasema sina kitu mi naumwa nini? Au ni kichwa changu tu?

Marahaba mdogo wangu. Siyo kichwa chako, tuanzie hapo. Na kabla sijaenda mbali nikiri kitu, mimi nimekaa kliniki ya wanawake miaka 19 na wala sijui ni mara ngapi kaja mwanamke anaumwa chini ya kitovu, foleni iko mpaka nje kwenye mwembe, maabara ina kipimo cha mkojo na cha malaria, tukamwandikia PID, akachomwa sindano, anayefuata aingie. Hatukuwa watu wabaya. PID ipo kweli, inaletwa na vijidudu kama vya kisonono na klamidia, na ukiichelewesha inaziba mirija, ndo maana tunafundishwa tusikae kusubiri majibu, tutibu. Kwa hiyo dozi ya kwanza sina ugomvi nayo, hata ya pili. Ila mtu akirudi mara ya tatu, hana homa, hana uchafu unaonuka, mwenzie ametibiwa, na maumivu yenyewe yanakuja kwa tarehe kama kodi ya nyumba, hapo tulitakiwa tuweke kalamu chini tumuulize upya toka mwanzo. Saba ni uvivu wetu sisi. Na huyo mpenzi wako mwambie aache maneno, endometriosisi haiambukizwi, hujaitoa kwa mwanaume yeyote.

Sasa ni nini. Ule utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, unaobomoka kila mwezi ukatoka kama hedhi, kuna nyama zinazofanana nao zinaota mahali si pake, juu ya ovari zinakokaa mayai, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Homoni zikija nazo zinaitika, zinavimba, zinavuja damu, ila hedhi ina mlango wa kutokea na hii haina. Inabaki mle inachokoza, mwili nao unajaribu kuponya kwa kuweka makovu, makovu yanagandisha vitu vilivyotakiwa viteleze, utumbo unashikana na kizazi, ovari inajibandika pembeni huko. Ndo maana wengine siku hizo wakienda haja kubwa wanashika ukuta, wengine ni mkojo, wakipimwa UTI hamna kitu. Ikijikusanya kwenye ovari miaka inakuwa kifuko cha damu nzito ya kahawia, madaktari wanakiita uvimbe wa chokoleti, na ukishakiona kikipasuka kwenye chumba cha upasuaji huli chokoleti wiki nzima, mi nawaambia.

Kwa nini inaota huko hakuna aliyemaliza kujibu. Kuna daktari wa Marekani, John Sampson, mwaka 1927 alisema damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija inamwagikia tumboni na chembe zake zinaota. Kweli inarudi, ila inarudi kwa wanawake karibu wote na wengi wao hawaumwi, kwa hiyo kuna na vitu vingine, vya kurithi, vya kinga ya mwili, bado vinachimbwa.

Kuhusu picha zako tatu. Ultrasaundi ya kawaida ya juu ya tumbo inaweza kuona ule uvimbe wa chokoleti vizuri tu, lakini vidoa vya milimita chache vilivyotapakaa kwenye ngozi ya ndani ya tumbo haivioni, hata mpigaji awe bingwa kiasi gani, na mara nyingi hata MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, haivioni. Na kibaya zaidi ugonjwa huu hauna uwiano, kuna mtu ana vidoa vitano tu anatambaa kwa maumivu, na kuna mwingine tumbo zima limegandana, kaja kliniki kwa sababu hashiki mimba, hajawahi kumeza hata panado. Kwa hiyo hilo neno kawaida kwenye karatasi lisome kama "sikuona".

Haya, na upasuaji. Huyo daktari kijana hajakosea sana, ndivyo ilivyofundishwa miaka yote, kwamba mpaka ufunguliwe tumbo ndo uitwe mgonjwa. Lakini mwaka 2022 madaktari wa uzazi wa Ulaya, chama chao kinaitwa ESHRE, walitoa mwongozo mpya wakasema wazi, kamera ya tumboni siyo tena lazima kwa kila mtu, daktari anaweza kusikiliza historia, akakupima kwa mkono, akaangalia picha, akaanza matibabu, na kamera ikabaki kwa yule ambaye picha hazionyeshi kitu na dawa hazijamsaidia au hazimfai. Kwa mtu asiye na hela ya upasuaji hii ni habari kubwa sana, maana inamaanisha unaweza kuanza kutibiwa wiki hii. Dawa yenyewe ya kuanzia siyo ya ajabu, ni za homoni, hizihizi za uzazi wa mpango zilizoko kwenye kituo cha afya, ila unazitumia kwa nia tofauti, nia ni hedhi isije au ije kidogo sana. Vidonge vya pakiti unameza vile 21 vyenye dawa, vile 7 vya mwisho vya madini ya chuma unaviruka, unafungua pakiti nyingine moja kwa moja. Usianze mwenyewe lakini, kama una presha, uliwahi kuganda damu, au unapata kipandauso kinachoanza na mwanga machoni, hivyo havikufai, utapewa vya homoni moja, au sindano ya Depo ya miezi mitatu. Jipe miezi mitatu mpaka sita. Ukipata nafuu ya kueleweka, hilo nalo ni jibu la aina yake japo siyo uthibitisho, usipopata unarudi, na safari hii unarudi kwa daktari bingwa wa wanawake kwenye hospitali ya rufaa na kesi mkononi.

Kesi mkononi namaanisha hivi. Chukua daftari la kawaida, kila siku andika tarehe, umevuja au hujavuja, maumivu kati ya 0 na 10, yako wapi, umemeza nini, umeshindwa kufanya nini. Miezi mitatu tu. Ukiingia usiseme "dokta tumbo linauma", utaandikiwa dozi ya nane. Sema "maumivu yananianza siku mbili kabla ya hedhi, yamenikosesha kazi siku kadhaa, nimetibiwa PID mara saba, vyeti hivi hapa, naomba tuangalie endometriosisi." Huo mfuko wa rambo ni mali, usiutupe. Na kuna kipimo cha damu kinaitwa CA-125 utaambiwa ulipie, kwa ajili hii usilipie, kinapanda kwa mambo chungu nzima na kinaweza kuwa sawa wakati unaumwa.

Halafu hii ya kuandikiwa PID mwanamke mweusi haikuanzia Mbagala. Huko Marekani vitabu vilikuwa vinasema endometriosisi ni ya wanawake wa kizungu wenye nazo wanaochelewa kuzaa, mweusi akija anaumwa nyonga basi ni zinaa hiyo. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago akaandika kuhusu wagonjwa wake weusi aliowaangalia kwa kamera, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa nayo, na sehemu kubwa tu ya hao walishaambiwa wana PID. Miaka hiyo mama yako alikuwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria wenye ugonjwa huu ni kama asilimia 10 ya wanawake wa umri wa kuzaa, kama milioni 190, na kwamba mtu anazunguka kati ya miaka 4 na 12 kabla hajaambiwa anaumwa nini. Wewe toka fomu tuu mpaka leo uko humohumo kwenye wastani, pole sana mdogo wangu.

Asalaam aleikum dada. Mimi ni mama nipo Tanga, binti yangu ana miaka 15. Kila mwezi siku tatu haendi skuli, anatapika, anajikunja kwenye jamvi kama chatu. Matroni anasema anajidekeza, bibi yake anasema akiolewa akizaa yatakwisha, mbona sisi tulikuwa hivyohivyo. Nimempeleka kwa daktari kasema apige picha ile ya kuingiza chini na aanze vidonge vya uzazi wa mpango. Dada, mtoto ni mwanamwali, kile kipimo si kitamharibu? Na vidonge si vitamkausha kizazi kabla hajaolewa? Baba yake akisikia nyumba itawaka moto.

Waaleikum salaam mama. Kipimo kwanza maana naona ndo kinakunyima usingizi. Si lazima. Ile ya kuingiza ukeni inafanywa kwa mwanamke aliyekwishaingiliwa na aliyekubali, kwa mwanamwali picha inapigwa juu ya tumbo akiwa kajaza mkojo hasa, anywe maji mpaka anune, na ikibidi kuangalia zaidi kuna MRI, haiingizi kitu popote. Pengine daktari alisema kwa mazoea tu hakuuliza, wewe mwambie, ni haki yenu, wala usione haya.

Vidonge. Vidonge havikaushi kizazi, mama. Wanaotuhumiwa kukaushwa na vidonge mara nyingi walikuwa na tatizo toka mwanzo na vidonge vilikuwa vimelificha, kisha vikaachwa likaonekana, vikabeba lawama. Akiacha, mayai yanarudi kazini, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu. Depo ndiyo inayochelewesha, mtu anaweza kukaa karibu mwaka kabla ya kushika mimba, na pia inapunguza ugumu wa mifupa wakati inatumika, kwa hiyo kwa mtoto wa miaka 15 ambaye mifupa bado inajengwa siyo ya kukimbilia kwanza. Ugonjwa wenyewe ukiachwa ndo unaoweza kugandisha mirija. Kwa baba yake usiseme uzazi wa mpango, na wala hutakuwa umemdanganya, sema daktari kampa dawa ya homoni ya kutuliza hedhi, maana ndiyo kazi inayoenda kufanya. Mi nikiandika kwenye cheti cha binti naandika hivyohivyo, dawa ya hedhi.

Sasa cha leoleo, kabla hata ya hivyo vidonge. Najua anameza panado wakati ameshajikunja kwenye jamvi. Imeshachelewa hapo. Dawa inayofaa ni ya jamii ya ibuprofeni, miligramu 400 kila masaa 8, tumboni kuwe na chakula, hata uji na andazi, na aanze siku moja kabla au akihisi tu dalili za kwanza, asisubiri, aendelee siku mbili tatu, basi aache. Zile dawa zinazuia kemikali inayobana kizazi isitengenezwe, ikishatengenezwa inabidi mwili uimalize wenyewe. Kama ana pumu, vidonda vya tumbo au shida ya figo asiguse mpaka aulize. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia, hiyo ya bibi ilikuwa kweli.

Bibi yake msalimie. Simbishii kwa ubaya, kizazi chake kilivumilia mengi kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Ila kuzaa siyo dawa ya endometriosisi, ujauzito unaweza kuituliza kwa kuwa hedhi imesimama, ikirudi nayo inaweza kurudi. Na akisema "mbona sisi tulikuwa hivyohivyo", hebu muulize bibi taratibu yeye na dada zake ni wangapi walikuwa hivyohivyo, maana ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, mtu mwenye mama au dada anayeumwa uwezekano wake unapanda. Jibu lake mpeleke nalo kwa daktari. Matroni nitamwandikia barua, nitumie namba ya shule.

Siyo kila chango la msichana ni endometriosisi, hilo niliseme wasije wamama wakapaniki. Wengi ni kizazi tu kinabana na ibuprofeni inamaliza. Anayekosa shule kila mwezi hata baada ya dawa kutumika ipasavyo, huyo ndo tunayemfuatilia.

Habari dada nesi, niko Mwanza, mimi ni mwanaume samahani kwa kuingilia. Mke wangu tumeoana miaka mitatu hatujapata mtoto na tukikutana analia, siyo mara zote lakini nikizama ndani zaidi anashtuka kama nimemchoma. Nilidhani hanitaki. Shangazi alitupeleka kwa mtaalamu akasema ana jini mahaba halitaki aguswe, tukatoa mbuzi na laki tatu. Jini halijatoka. Nimesoma hapo kwenu nikajiuliza.

Karibu shemeji, huingilii chochote, na natamani wangekuwa wengi kama wewe. Mbuzi ndo imeshaliwa hiyo, tusonge.

Maumivu ya mlangoni na maumivu ya ndani kabisa ni vitu viwili. Ya mlangoni tunawaza fangasi, ukavu, misuli kujikaza kwa woga. Ya ndani, yale ya kushtuka, na yakabaki yanauma masaa au mpaka kesho yake, tunawaza nyuma ya kizazi, ile nafasi kati ya kizazi na njia ya haja kubwa, ambako endometriosisi inapenda sana kukaa. Muulize kama yanazidi karibu na hedhi, na kama haja kubwa inamuuma siku hizo. Akisema ndiyo, daktari akimpima kwa kidole anaweza hata kuvigusa vile vinundu, na ultrasaundi ya kuingiza ukeni kwa mtu anayeijua vizuri inaonyesha kama viungo vinateleza au vimegandana. Mwambie ukweli uliouandika hapa, kwamba ulidhani hakutaki. Najua atakavyolia. Na jaribuni mkao ambao yeye ndo anaamua kina, akae juu, au ubavu ubavu, ikiuma mnaacha, hiyo siyo dharau kwako.

Kwenye mtoto sikiliza vizuri maana hapa watu wengi wanatibiwa kinyume. Dawa za homoni nilizomwambia binti wa Mbagala zinatuliza maumivu lakini zinazuia yai, kwa hiyo kwa mnaotafuta mtoto sasa hivi hazisaidii kupata, zinapoteza tu muda. Kwa nyie njia ni nyingine, upasuaji wa matundu madogo wa kuondoa vidoa na kuachanisha vilivyogandana unaweza kuongeza nafasi, au upandikizaji, ule wa kurutubisha yai maabara, ambao bongo na Nairobi upo ila ni mamilioni. Lakini kabla hujauza kiwanja, wewe umepima mbegu? Kimya hicho. Kapime, tena kabla yake yeye hajalazwa mezani, ni kikopo tu.

Na usikate tamaa mapema, siyo kila mwenye ugonjwa huu anakosa mtoto, wengi wanapata. Millen Magese mnamkumbuka, Miss Tanzania wa 2001, alijitokeza akaongea hadharani kuhusu endometriosisi wakati watu hata kuitamka hawawezi, amepasuliwa zaidi ya mara kumi, na mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Sisemi kila mtu itakuwa hivyo. Nasema tu hilo jini lina jina la hospitali.

Hi sister, mimi niko Rongai, nina 31. Nilifanyiwa oparesheni ya endo 2023, tulichangisha pesa familia na watu wa kanisa, daktari akasema amesafisha. Nikakaa poa mwaka moja hivi, ikarudi. Na sahii kuna kitu mpya, siku ya kwanza ama ya pili ya period bega ya kulia inauma vibaya na nikivuta pumzi naskia kudungwa. Nimepimwa TB, hakuna. Wenye walinichangia wanauliza kama tulikulwa pesa. Daktari alinidanganya ama?

Pole sana dada. Naanza na bega kwa sababu ndo lililonishtua. Endometriosisi inaweza kupanda mpaka kwenye ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na mara nyingi ni upande wa kulia, na mshipa wa fahamu wa msuli huo unatoka shingoni jirani na wa bega, ndo maana unaumwa msuli wa chini, bega linalalamika. Ikipenya zaidi inaweza kufika kifuani, na hapo pafu linaweza kuvuja hewa na kusinyaa siku za hedhi. Mliosikiliza reggae Kenya mnamjua mtangazaji Njambi Koikai, Fyah Mummah mwenyewe, alikuwa na hii ya kifuani, mapafu yamesinyaa mara nyingi, 2018 akaenda kupasuliwa Atlanta, Marekani, na alifariki Juni 3, 2024. Sikutishi, wengi hawafiki huko. Ila nataka upigwe picha ya kifua siku hizohizo bega linapouma, siyo wiki mbili baadaye wakati pafu limesharudi sawa wakuandikie uko fiti. Na ukibanwa pumzi ghafla usinywe maji ya tangawizi ukangoja asubuhi, ni emajensi saa hiyohiyo, na uwaambie niko kwenye hedhi na nina endometriosisi, maana daktari wa kifua hawezi kukuuliza mambo ya period kama hujamtajia. Ukienda kwa mpango, nenda hospitali kubwa ambako daktari wa wanawake na wa kifua wanaweza kukaa meza moja.

Kudanganywa, sidhani. Ugonjwa huu unarudi, ndani ya miaka mitano wanaorudiwa na dalili wanafika hata nusu kwenye baadhi ya tafiti, na ndo sababu mtu asiyetafuta mimba akishapasuliwa anatakiwa aendelee na homoni ili visiote tena, kitanzi cha homoni kinachokaa miaka, au vidonge vya dienojesti miligramu 2 kila siku, hivyo vizuri lakini bei yake famasi siyo ya mchezo. Walikwambia hilo kabla hujaruhusiwa? Naona wengi hawaambiwi, wanatoka na kovu na risiti. Nenda kaombe ripoti ya oparesheni, ni yako, soma vilichomwa juujuu au vilikatwa vikatolewa na mzizi, na kama walifika kuangalia juu kule chini ya mbavu. Kuna na sindano ya kila mwezi, Zoladex, inakuzimia ovari ukawa kama mama aliyekoma hedhi, joto usiku, mifupa kulegea, kwa hiyo haitumiwi muda mrefu bila homoni kidogo ya kuisindikiza. Waliokuchangia waambie wewe hukula pesa na pesa haikuliwa, mwaka mmoja wa kulala usingizi mliununua.

Dada mi niko Dodoma, miaka 38, watoto watatu ninao. Si bora nitoe kizazi tu yaishe? Na kuna dada Instagramu anauza vidude vya kuweka ukeni vya kusafisha kizazi elfu hamsini, vinafaa?

Hivyo vidude acha kabisa. Ukiviweka unachuruzika maji na nyuzinyuzi nyeupe, anakwambia huo ndo uchafu wa kizazi unatoka, kumbe ni ngozi ya uke inachubuka. Endometriosisi iko nje ya kizazi, utaisafishaje kwa kupitia ukeni?

Na kwa sababu hiyohiyo kutoa kizazi peke yake siyo uhakika. Wakitoa kizazi wakaacha nyama zilizo kwenye utumbo, utakuwa huna hedhi na bado unaumwa. Inasaidia zaidi kama ugonjwa umeingia pia ndani ya ukuta wa kizazi, hiyo ina jina lake, adenomayosisi, na inaendana na kubleed sana kwa mabonge. Kama ni wewe huyo basi ni mazungumzo halali kabisa, ila uliza maswali mawili: zile nyama za nje ya kizazi mtazitoa siku hiyohiyo? Na ovari zangu zinabaki au zinaondoka? Kwa miaka 38 kuondoa ovari siyo jambo dogo.

Nesi habari, nilijifungua kwa oparesheni miaka minne iliyopita, sasa pembeni ya kovu kuna kinundu kama punje ya korosho, kila nikiwa period kinavimba kinauma hata nguo ya ndani siwezi kuvaa. Daktari kasema usaha, kapasua hakutoa kitu. Ni endometriosisi au nimechanganyikiwa?

Hujachanganyikiwa. Wakati wa kutoa mtoto chembe za ule utando zinaweza kubaki kwenye kidonda zikaota ndani ya kovu, haitokei kwa wengi ila ipo, na kwa jinsi tunavyopasuliwa siku hizi tutaiona sana. Wanadhani ni usaha, ngiri, au uzi wa kushonea. Antibayotiki haikigusi. Wakikitoa kizima pamoja na nyama nzuri kidogo ya pembeni na kukipeleka maabara, mara nyingi kinaisha kabisa, hii ndo ya afadhali kuliko zote za leo. Kisipasuliwe tena kwa kubahatisha, omba ultrasaundi ya palepale kwenye kovu, na nenda siku kimevimba.